Mtama wa Juu ya Mafiga

Mbegu mia moja za mtama wa mama yangu zililazwa kwenye karatasi yenye unyevu, katika chumba chenye joto la kufaa, zikaachwa kwa siku kumi na mbili. Haikuota hata moja. Zikapangwa nyingine mia moja, nazo hazikuota. Kijana wa benki ya mbegu aliyenipigia simu kunieleza haya alizungumza taratibu, kama mtu anayeleta habari za msiba, na kwa kweli habari ile ilitokana na msiba. Mbegu zilikuwa zimekwisha kufa siku alipozipokea mkononi mwa mama, akashukuru, akaandika jina la kijiji juu ya bahasha. Aliyeziua ni mimi.

Nitaeleza kwa mpangilio, maana ndivyo nilivyozoea kufanya kazi. Kwa miaka mingi nimezunguka masokoni na daftari, nikiuliza mazao gani yameingia na yametoka wapi, kisha naandika taarifa fupi ya kusomwa redioni. Naishi Pasiansi. Mama anaishi ng'ambo, upande wa Sengerema. Ukishuka kivukoni Kamanga unapanda bodaboda kama nusu saa, halafu unamalizia kwa miguu, kwa sababu njia ya mwisho inafuata mfereji wa barabara na pikipiki hazipendi kupita hapo. Shamba la mama linaanzia kwenye mfereji huo.

Mtama wake ni mwekundu wa kahawia, na suke lake limebana. Kinachoutofautisha ni shingo. Suke likishatoka, bua linajikunja pale juu mpaka suke linaning'inia likitazama chini, kama bata anayejichokoa manyoya ya kifuani. Mama anauita "wa shingo", basi. Alipewa na mama yake siku alipoolewa, kiganja kimoja kikiwa kimefungwa kwenye pindo la khanga. Punje zikiwa changa zina ukakasi unaokausha ulimi. Kwelea kwelea wakitua wanaonja, wanatema, wanaruka kwenda kwa jirani. Zikikomaa ukakasi unapungua, na ugali wake, ukichanganywa na unga wa muhogo, unakaa tumboni mpaka jioni.

Nilipokuwa mdogo karibu kila nyumba pale kijijini ilikuwa na mtama wake. Kulikuwa na mweupe wa ugali wa wageni, kulikuwa na wenye bua tamu tuliokuwa tukiutafuna kama muwa na kupigwa kwa sababu yake, na kulikuwa na mmoja mfupi uliokuwa ukiwahi kukomaa, ambao bibi mmoja jirani alijivunia kuula wakati sisi wengine bado tunafukuza ndege. Sikumbuki upi ulitoweka mwaka gani. Hakuna aliyetangaza. Mahindi yaliingia, yakapendwa, na bibi yule alipokufa wanawe waligawana sufuria na ng'ombe, mtama wake mfupi ukapikwa. Siku hizi nikipita madukani Mabatini naona mtama wa aina moja, mweupe, kwenye magunia yanayofanana. Nimewahi kuandika taarifa nzima kuhusu magunia yale bila kujiuliza kwa nini yanafanana.

Mama alikuwa na namna yake ya kuchagua mbegu. Wiki moja kabla ya kuvuna alipita shambani na vipande vya kitambaa, akafunga masuke ya kuweka. Hakufunga makubwa peke yake. Alifunga la katikati ya shamba, la pale penye kichuguu, la kule kwenye mawe ambako mtama hudumaa, na lile lililochelewa. Nilipomuuliza kwa nini anapoteza kitambaa kwa suke dogo, alinijibu, "Hilo limekula mawe likazaa. Lile kubwa limekula samadi. Mwaka wa mawe ukija, utamwita nani?"

Jambo jingine watu walimcheka nalo. Pembeni, kando ya mfereji, uliota mtama mwitu, ule mrefu wenye suke lililotawanyika kama ufagio uliochakaa, ambao punje zake nyeusi hupukutika kabla hujazigusa. Wengine waling'oa. Mama alipalilia shamba lote, akifika pale anasimama, anageuka. "Hao ni wa getini," alisema. "Ndege wakija wanakaribishwa pale kwanza." Jirani mmoja alikuwa na mazoea ya kumpigia kelele kutoka barabarani: "Shemeji, magugu yako yanaendeleaje? Yameshabatizwa?" Naye humjibu, "Yanakungoja wewe uwe mdhamini."

Masuke yaliyofungwa kitambaa yaliishia jikoni, juu ya kichanja kilichoning'inia juu ya mafiga. Jiko la mama ni chumba kidogo cha tofali za udongo chenye bati, kimejitenga na nyumba. Moto wake ni mdogo, wa sufuria moja na watu wawili. Moshi ulipanda, ukayapaka masuke masizi, na wadudu hawakuyasogelea. Mbegu za chakula zilikuwa kihengeni, za kupanda zilikuwa juu ya moshi, na hapakuwa na sehemu ya tatu.

Mwaka jana, Oktoba, baba alifariki. Alikuwa ameugua muda mrefu, kwa hiyo hatukukutwa bila kujiandaa, na mimi ni mtu wa kujiandaa. Nilivuka na daftari. Nikaandika: maturubai mawili, masufuria makubwa kutoka kwa akina mama wa jumuiya, maharage, sukari, majani ya chai, kuni. Ukurasa wa pili nikaandika nani anafanya nini. Shangazi, dada yake baba, nikamweka mkuu wa jikoni. Nikafungua kihenge, nikakuta mtama uliobaki, kama madebe mawili, maana mavuno yalikuwa hafifu. Nikautuma wote mashineni uchanganywe na muhogo. Waombolezaji walikuwa wengi na walihitaji kula.

Hakuna aliyenipinga. Mtu ambaye angenipinga alikuwa ameketi kwenye mkeka chumba cha mbele, miguu imenyooshwa, wajane wenzake wamemzunguka. Kwetu mfiwa hagusi jiko. Haingii, haulizwi habari za chumvi wala kuni, mpaka tanga lianuliwe. Ni heshima, na kwa mwanamke aliyepika miaka hamsini ni pumziko pekee ambalo hakuna wa kumlaumu nalo.

Siku ya kwanza walipika nje. Siku ya pili, saa sita mchana, mvua ikashuka kutoka ziwani. Turubai la wapishi lilikuwa na tundu, moto ukazima, wali ukabaki mbichi katikati. Shangazi akanifuata, ameloa mpaka kichwani.

"Mwenye daftari," akasema, "mvua umeiandika ukurasa wa ngapi?"

"Ingizeni jikoni, shangazi."

"Kile kijichumba cha mama yako? Sufuria litaingia, sisi tutabaki wapi?"

"Ondoeni mafiga, wekeni mawe makubwa. Chocheeni tu, watu wana njaa."

Wakaondoa mafiga. Wakaweka mawe matatu ya kukalia sufuria la harusi, wakaingiza magogo ya mkaratusi, na kwa siku mbili moto ule haukuzimika. Niliuona kutoka mlangoni: ndimi zake zilipanda pande zote za sufuria mpaka juu. Kilichokuwa juu sikukitazama.

Baadaye sana, nilipoanza kuuliza kama nilivyopaswa kuuliza mapema, mmoja wa akina mama wa jumuiya aliniambia kwamba yeye aliyaona yale masuke na akataka kuyashusha. Mwenzake akamzuia. "Vya mwenyewe hivyo, vimefungwa vitambaa," alimwambia. "Mwenyewe yuko msibani. Utashushaje vitu vya mfiwa bila ruhusa yake?" Na ruhusa haikuweza kuombwa, kwa sababu mfiwa haulizwi habari za jikoni. Wakaendelea kupika chini yake kwa heshima zote.

Jioni ya siku ya pili niliingia kumwona mama. Aliinua kichwa.

"Nani anakaanga mtama?"

"Hakuna anayekaanga mtama, mama."

"Nasikia harufu."

"Ni kuni. Ni mkaratusi ule."

Mjane mmoja akamvuta khanga, akimwita mama kwa lugha ya kwetu. "Tulia, mayu. Leo hata pua yako ipumzike." Wengine wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka msibani, mama naye akatabasamu, akalala ubavu. Mimi nikarudi kwenye orodha yangu. Maisha yangu yote nimelipwa kwa kufuatilia maneno ya namna ile, mtu mzima anayesema nasikia harufu, na siku hiyo nilikuwa na jibu tayari kabla hajamaliza.

Wiki tatu baadaye nilikuwa bado kule nikimsaidia mama na makaratasi ya baba, ndipo walipokuja watu wa benki ya mbegu. Walikuwa wawili, dereva na kijana mmoja mwembamba mwenye kofia, na kwenye gari walikuwa na bahasha za karatasi nyingi sana. Walikuwa wametoka kukusanya mpunga pori unaoota majini karibu na kivuko, ule tunaoukwepa na mitumbwi, na mtu mmoja huko akawaambia kuna mama anayelima mtama wa kale na kutunza magugu.

"Shikamoo, mama," kijana akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kuangalia magugu yangu?"

"Ndiyo, mama. Na mtama wako. Tunatunza mbegu, zisipotee. Ziko kwenye baridi kali, zinaweza kukaa miaka na miaka. Ni kama benki."

"Benki." Mama akamtazama. "Na mimi siku nikitaka kutoa, nitapanga foleni?"

"Hutapanga foleni, mama. Utaniambia mimi."

"Haya. Uandike hivyo kwenye hiyo bahasha."

Kijana akacheka, lakini naamini kwamba mama hakuwa anatania. Aliingia jikoni. Moto wake mdogo ulikuwa umerudi, mafiga yamerudi. Alikaa mle muda mrefu kuliko inavyohitajika kushusha masuke. Akatoka na matatu ya upande wa mwisho wa kichanja, karibu na ukuta. Kijana alifikicha moja viganjani, akapuliza makapi, akatazama punje. Zilikuwa na masizi kama kawaida. Akamuuliza alizipata kwa nani, zinapandwa lini, zinapendwa kwa nini. Mama akajibu kila kitu, na pale alipokosa neno la Kiswahili nilimtafsiria.

Kisha wakaenda mferejini. Mvua ile ya ghafla haikuwa imeendelea, mabua ya mtama mwitu yalikuwa makavu, na chini yake punje zilikuwa zimetapakaa. Kijana alipiga magoti akaokota punje moja moja. Alikuta suke moja ambalo halikufanana na ufagio wala na la mama. Lilikuwa limebana nusu, na punje zake zilikuwa nyekundu ndani ya makapi meusi. Akalishika kwa vidole viwili.

"Mama, hiki ni chotara," akasema. Akatueleza kwamba chavua ya mtama husafiri kwa upepo, kwa hiyo miaka yote ile wa getini na wa shambani walikuwa wanazaa pamoja. Mwitu ulikuwa umechukua kitu kwenye mtama wa mama, na mtama wa mama umechukua kitu kwenye mwitu, labda uvumilivu wa jua, labda kingine ambacho hakijapimwa. Mwanamke anayeng'oa yote hufunga mlango huo. Mama alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kwa hiyo tulikuwa na wakwe mferejini." Akataka kujua kama jirani yake wa barabarani anaweza kuelezwa hayo na mtu mwenye gari.

Mvua za kupanda zilikuja mwishoni mwa Novemba. Mama akashusha masuke yaliyobaki, akapura, akapanda shamba lote. Nilikuwa nimerudi mjini. Siku ya nane alinipigia: hakijatoka kitu. Alisema labda ni kwale, wamefukua. Akapanda tena sehemu, akafukia zaidi. Siku ya nane ya pili hakunipigia, nikampigia mimi.

"Ni sisimizi?" nikamuuliza.

"Si sisimizi."

Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulifikiria jambo: "Haidhuru. Tunazo benki. Mpigie yule mwanangu umwambie mama anataka kutoa kidogo."

Nikatafuta namba. Kabla sijapiga, simu ikaita, alikuwa yeye. Alitaka kuuliza kama zile mbegu ziliwahi kupitia joto.

Nilivuka siku iliyofuata. Habari za namna hiyo sikutaka kuzisema kwa simu. Mama alikuwa anamenya muhogo kivulini mwa jiko. Nilimweleza habari za karatasi yenye unyevu, siku kumi na mbili, mia moja na mia moja nyingine. Kisha nikamweleza habari za mvua, na nani alisema ingizeni jikoni. Aliendelea kumenya mpaka muhogo ule ukaisha.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Nikasema labda pua imezeeka."

"Kwa nini uliwapa?"

"Niliwapa za ukutani. Nikadhani huko moto haukufika." Akachukua muhogo mwingine. "Na kihenge ulikifagia pia."

"Nilikifagia."

"Ulifagia vizuri. Nilipotoka kwenye mkeka nikakuta hata panya wamehama."

Hakunigombeza. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Kile kiganja nilichokupa ulipoolewa, uliweka wapi?"

Ningependa kuandika hapa kwamba nilikuwa sikumbuki. Nakumbuka vizuri sana. Kilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati Pasiansi kwa miaka minne. Mwanangu wa kwanza alipoanza kula nilikipeleka mashineni pamoja na karanga na ulezi, akanywa uji wa lishe siku mbili. Nilimwambia mama. Akatikisa kichwa. "Basi mtoto yule alikunywa ukoo," akasema, na akacheka mpaka ikabidi aweke kisu chini. Mimi sikuweza kucheka.

Mwaka mpya ulipoanza tulizunguka kwa siku tatu. Nilifanya kama ninavyofanya kazini: nikaandika majina ya nyumba zote ambazo mama aliwahi kuzipa mbegu, nikaenda moja baada ya nyingine. Wa kwanza alikuwa amehamia mahindi. Wa pili alikuwa na mtama, tukafurahi, tukaenda kuutazama, ni ule mweupe wa dukani. Bibi wa nyumba ya mwisho alikumbuka mtama wa shingo kwa kirefu, ladha yake, rangi ya togwa yake, wimbo waliotwangia, na alipomaliza kukumbuka akatuuliza kama tunaweza kumpatia mbegu.

Siku ya tatu tulirudi kwa njia ya mfereji. Ilikuwa Januari, majani yamejaa. Upande wa juu wa barabara tulisikia greda linakuja, linasafisha mifereji, na vijana wenye majembe wanalitangulia. Mama akasimama pale pa getini. Pameota vichipukizi vya mtama vingi, vya goti, kutokana na punje zilizopukutika. Akainama, akaanza kushika majani, moja baada ya jingine, akiyageuza kutazama uti wa katikati.

"Huu mwitu," akasema. "Huu mwitu. Huu..." Akashika shina. "Njoo uone mguu wake."

Shina la ule lilikuwa nene kidogo kuliko la wenzake, na lilikuwa na wekundu chini, kama la mtama wake. Mimi nisingetofautisha. Kijana wa benki ya mbegu, nilipompigia hapo hapo, alisema naye asingetofautisha kwa umri ule, ila machotara yapo, na kama mmoja umebeba shingo, unaweza kutokea, au usitokee, au utokee kwa wajukuu. Alisema bahasha yake ya mferejini imeota vizuri lakini punje zile kaziokota kila mahali, na za lile suke la chotara zimechanganyika nazo. Akashauri kwamba miche tutakayochagua ikuzwe mbali na mtama mwingine wowote, ili upepo usiiletee wachumba wapya.

Mama alichagua saba. Kijana mwenye jembe akatukuta tunachimba.

"Mama, mnahamisha magugu?"

"Tunahamisha wakwe," mama akamjibu. "Nyie pigeni greda lenu."

Greda lilipita alasiri ile. Mfereji uko safi mpaka leo.

Niliiweka miche saba kwenye ndoo mbili kuukuu za rangi, pamoja na udongo wake, nikashuka nayo Kamanga. Kivukoni akina mama wenye dagaa walinitazama.

"Dada, huko Mwanza mmeishiwa majani?" akauliza mmoja.

"Ni mtama," nikasema.

"Mtama gani huo? Huo si ule wa kwenye mitaro?" Akaangalia kwa karibu. "Dada amesoma huyu," akawaambia wenzake, "sisi tunavusha samaki, yeye anavusha nyasi." Nikacheka nao. Walinisaidia kushusha ndoo, na mmoja akanionya nisiziweke karibu na mbuzi.

Pasiansi kwangu kuna kipande cha ua nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na kamba ya kuanikia nguo. Hakuna mtama mwingine kwa mbali sana. Niliipanda saba kwa mstari. Mche mmoja ulikauka wiki ya kwanza, mwingine uliliwa na kuku wa jirani kabla sijazungushia wavu. Ikabaki mitano. Nimeiandikia daftari lake: urefu, idadi ya majani, siku ya mvua. Mwezi Machi ilinipita kimo. Jirani anadhani nimeanza kilimo cha mjini na ameniomba nimshauri kuhusu mchicha.

Nimewahi kumuuliza yule kijana tutafanya nini kama shingo haitokei. Alisema tutachukua mbegu zote vilevile, maana hata usipouona mtama wa mama, sehemu yake imo mle, na pengine imo sehemu ambayo mama mwenyewe hakuwahi kuiona. Nilimweleza mama. Alisema hayo ni maneno mazuri, na kwamba yeye anataka kula ugali.

Msimu huu shamba lake amepanda mahindi. Anapiga simu kila siku saa moja asubuhi, kabla sijanywa chai.

"Limetoka?"

"Bado, mayu. Jani la juu limevimba."

"Usilifungue na kidole."

"Sifungui."

Alhamisi iliyopita suke la kwanza lilichungulia. Ni la mche ule wenye mguu mwekundu. Kufikia Jumamosi lilikuwa limetoka lote, limebana kiasi, si ufagio na si ngumi. Makapi yake ni meusi. Nilipomweleza mama aliniuliza limesimama au limepinda. Nikamwambia limesimama. Akasema hata lake husimama kwanza, hupinda siku ya tatu au ya nne, likianza kuwa zito.

Leo ni siku ya nne. Nimeshuka uani mara mbili asubuhi hii, na mara ya pili nilipeleka kiti. Limesimama bado, na bua, pale chini ya suke, lina kona ndogo ambayo jana sikuiandika. Sijui kama jana haikuwepo au sikuitazama.